Kukubali Ofa Kisheria: Mwongozo Kamili kwa Wauzaji, Wanunuzi na Wapangaji wa Mtwara na Lindi

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natafuta fremu ya biashara mjini Mtwara, karibu na soko, na mwenye fremu mmoja akanitumia ujumbe uliojitosheleza: kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, malipo ni ya miezi 6 kwa mkupuo, na funguo zitatolewa siku ya malipo. Nilimjibu jioni ileile: “Nimekubali, ila nitalipa miezi 3 kwanza, na mitatu mingine baadaye.” Hakujibu. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni ridhaa, nikanunua ndoo mbili za rangi na mbao za kutengenezea rafu, na siku ya tatu nilipofika na fedha zangu za miezi 3 nilimkuta mtu mwingine anafagia ndani. Nilijiona nimedhulumiwa, nikapeleka malalamiko kwa msaidizi wa kisheria. Aliusoma ujumbe wangu mara mbili, kisha akaweka kidole kwenye neno moja tu: “ila”. Akaniambia, “Kaka, hapa hukukubali. Hapa ulitoa ofa yako mwenyewe, na yeye hakuijibu.”

Mwongozo huu unaeleza jinsi kukubali ofa kunavyofanya kazi katika sheria ya Tanzania Bara, na nimeuandika nikimfikiria mtu anayeuza chumvi Mikindani, anayekodi shamba Nachingwea, anayenunua mashua Kilwa Kivinje au anayepangisha nyumba Ligula. Wengi wetu tunaamini kwamba mapatano huanza kumbana mtu pale fedha zinapotolewa, au karatasi inaposainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mara nyingi sivyo. Mapatano huanza kubana mapema zaidi, katika jibu lenyewe, na kwa hiyo jibu linastahili uangalifu uleule tunaoutumia tunapohesabu noti.

Sheria inayotuongoza

Sheria kuu ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961. Imefuata kwa karibu sana Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika Tanganyika kabla yake, na kwa sababu hiyo mahakama zetu huzipa uzito hukumu za India na za Uingereza katika mambo haya, bila kufungwa nazo. Namba za vifungu nitakazotaja ni za toleo la mwaka 2019.

Kifungu cha 2 kinaeleza kwamba mtu anapomwonyesha mwenzake utayari wa kufanya jambo fulani, au wa kuacha kulifanya, kwa kusudi la kupata ridhaa yake, mtu huyo ametoa pendekezo, ambalo mitaani tunaliita ofa. Aliyepewa ofa anapoonyesha ridhaa yake, ofa imekubaliwa na imegeuka kuwa ahadi. Ahadi hiyo huwa mkataba unaolindwa na mahakama yanapotimia masharti ya kifungu cha 10: wahusika wawe na uwezo kisheria, yaani wametimiza miaka 18 na wana akili timamu, ridhaa yao iwe huru, kila upande uwe na kitu unachokitoa, na jambo lenyewe liwe halali.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ulichopewa ni ofa

Huwezi kukubali kitu ambacho si ofa, hata ujibu kwa maneno mazuri kiasi gani. Bei iliyoandikwa kwa chaki mbele ya duka, bidhaa zilizopangwa kwenye rafu, bango la “nyumba inauzwa” na tangazo la redio la kiwanja kwa kawaida ni mialiko. Vinakuita uje utoe ofa wewe, na mwenye mali anabaki na hiari ya kuikataa.

Jibu la swali la bei nalo si ofa. Mwaka 1893 Baraza la Rufani lililokuwa likiketi London lilisikiliza shauri la Harvey dhidi ya Facey kutoka Jamaika. Wanunuzi walikuwa wamepeleka simu ya maandishi wakiuliza mambo mawili, kama mwenye shamba angewauzia na bei yake ya chini ni ipi, naye akajibu kwamba bei ya chini ni pauni 900. Wakatuma jibu kwamba wamekubali kununua kwa pauni hizo. Mahakama ikaamua kwamba hapakuwa na mkataba, kwa kuwa mwenye shamba alitaja bei tu na hakusema kwamba anauza. Jambo hili hutokea kwetu kila siku: unamuuliza mzee “bei ya mwisho ya mashua hii ni ngapi?”, naye anakujibu “milioni nne”. Hapo hajakuuzia. Mwambie wazi, “Mzee, natoa milioni nne, je, unaniuzia?” Ofa sasa ni yako, na neno lake la “nimekuuzia” ndilo litakalofunga.

Lipo tangazo linaloweza kuwa ofa kwa watu wote, nalo ni lile linaloahidi malipo kwa atakayetimiza jambo fulani. Kampuni ya Carbolic Smoke Ball ya Uingereza ilitangaza kwamba ingemlipa pauni 100 yeyote ambaye angetumia dawa yake kama ilivyoelekezwa na bado akaugua mafua makali, na ikaongeza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha ukweli wa ahadi hiyo. Bi Carlill aliitumia, akaugua, akadai, na mwaka 1892 Mahakama ya Rufani ikampa haki yake. Hakulazimika kuandika barua ya kukubali, kwa sababu kutimiza sharti kulikuwa ndiko kukubali. Hapa petu mfano wake ni tangazo la zawadi kwa atakayerudisha mbuzi aliyepotea. Lakini aliyemrudisha mbuzi bila kujua kwamba kuna zawadi hawezi kuidai kama haki ya mkataba. Mahakama moja nchini India iliamua hivyo mwaka 1913 katika shauri la Lalman Shukla, kwa maelezo kwamba mtu hawezi kukubali asichokijua.

Mnada unahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mikoa yetu inaishi kwa mnada. Katika mnada wa kawaida, kwa mujibu wa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kila anayetaja bei anatoa ofa, na mauzo hukamilika pale dalali wa mnada anapogonga nyundo au kutoa ishara nyingine iliyozoeleka. Kabla ya ishara hiyo mnunuzi anaweza kuiondoa bei yake.

Mnada wa korosho una miongozo yake ya kila msimu, lakini mantiki ya ofa na kukubali inaonekana humo waziwazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Wakulima wamekwisha kupeleka korosho kwenye chama chao cha msingi, na mzigo umeingia ghala kuu kwa stakabadhi. Wanunuzi wanaleta zabuni, kila mmoja akitaja bei yake kwa kilo na kiasi anachokitaka. Zabuni zinafunguliwa, bei ya juu na bei ya chini zinatangazwa kwa sauti, au katika misimu ya karibuni zinaonekana kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Wakati huo hakuna aliyeuza wala aliyenunua. Mtu anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba bei ikishasomwa mambo yamekwisha, kumbe zilizosomwa ni ofa tupu zinazosubiri jibu la wakulima kupitia chama kikuu chao, kiwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao. Mwezi Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za mnada, na zabuni zile hazikuzaa mkataba wowote, ingawa wanunuzi walikuwa wamekuja na mzigo ulikuwa ghalani. Mwezi uliofuata Serikali iliamua kuzinunua korosho hizo yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kukataa kule kulikuwa matumizi halali ya haki aliyonayo kila anayepewa ofa.

Niseme papo hapo kwamba ofa ya kununua korosho kwa kangomba, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, haiponywi na jibu lolote. Makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili, na aliyechukua fedha za kangomba, pamoja na aliyezitoa, hawana mkataba wa kuupeleka mahakamani.

Hatua ya 2: Angalia kama ofa bado iko hai

Kifungu cha 6 kinataja njia ambazo ofa hufa. Mtoa ofa anaweza kutoa taarifa ya kuiondoa. Muda alioweka unaweza kupita, au kama hakuweka muda, unaweza kupita muda unaofaa kwa jambo lenyewe. Mpokea ofa anaweza kushindwa kutimiza sharti lililowekwa litangulie. Mtoa ofa anaweza kufariki au kupoteza akili timamu, na mpokea ofa akalijua hilo kabla ya kukubali.

Muda unaofaa hupimwa kwa aina ya kitu. Ofa ya pweza waliotoka majini asubuhi haiwezi kungoja mpaka kesho, ilhali ofa ya kiwanja inaweza kukaa wiki kadhaa. Katika shauri la Hoteli ya Ramsgate Victoria la mwaka 1866, mtu aliomba kununua hisa mwezi Juni, akajibiwa mwezi Novemba, na mahakama ikaona kwamba ofa yake ilikuwa imekwisha zamani.

Jambo linalowaumiza wengi ni ahadi ya “nakuwekea mpaka Ijumaa”. Kwa kifungu cha 5, mtoa ofa anaweza kuiondoa ofa yake wakati wowote kabla kukubali hakujakamilika dhidi yake, hata kama aliahidi kusubiri, kwa sababu ahadi ya kusubiri iliyotolewa bure haimfungi. Unapotaka akusubiri kweli, mpe kitu kwa ajili ya kusubiri kwenyewe, na iandikwe hivyo: “Nimepokea shilingi 20,000 ili nisiuze mashine hii ya kupulizia mikorosho kwa mtu mwingine hadi tarehe 15.” Usichanganye malipo hayo na arbuni ya bei, andikeni kama yatakatwa kwenye bei au la.

Hata hivyo, kuondoa ofa nako kunapaswa kumfikia aliyepewa. Mwaka 1880, katika shauri la Byrne dhidi ya Van Tienhoven, wauzaji wa Cardiff waliandika tarehe 1 Oktoba kuwapa ofa wanunuzi wa New York, na tarehe 8 wakaandika barua ya kuiondoa. Wanunuzi walikubali tarehe 11, siku waliyopata ofa, wakati barua ya kuiondoa ilikuwa bado baharini na ikawafikia tarehe 20. Mahakama ikasema mkataba ulikuwepo. Mtoa ofa aliyebadili nia moyoni, au aliyewaambia jirani zake tu, bado hajaiondoa ofa yake.

Hatua ya 3: Uliza kwanza, usibadilishe

Hapa ndipo nilipopotezea fremu yangu, na ndipo ninapowaona watu wengi wakijikwaa. Kifungu cha 7 kinataka kukubali kuwe kamili na kusikokuwa na sharti. Jibu lifanane na ofa kama mfuniko na chungu chake. Ukibadilisha bei, idadi, siku ya malipo, mahali pa kupokelea mzigo au nani anabeba gharama ya usafiri, hujakubali. Umeikataa ofa ya mwenzako na kuweka yako mahali pake, na sasa yeye ndiye mwenye hiari ya kusema ndiyo au hapana.

Athari yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ofa iliyokataliwa haifufuki kwa matakwa ya aliyeikataa. Katika shauri la Hyde dhidi ya Wrench la mwaka 1840, Wrench alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000. Hyde akatoa pauni 950, Wrench akakataa, na Hyde akarudi akisema kwamba sasa anakubali zile 1,000. Mahakama ikaamua kwamba hapakuwa na kitu cha kukubali tena, kwani Hyde mwenyewe aliiua ofa ya kwanza alipotaja 950. Nasi tunalelewa katika kupatana bei, na muuzaji asiyepunguza hata kidogo tunamwona mgumu. Patana upendavyo, lakini ujue kwamba kila unapotaja bei yako umeiachia ile ya mwenzako, na akipata mteja mwingine huna dai juu yake.

Njia salama ni kuuliza bila kujifunga. Mahakama ya Uingereza mwaka 1880, katika shauri la Stevenson dhidi ya McLean lililohusu mauzo ya chuma, ilitofautisha kuuliza na kubadilisha: mnunuzi aliyeuliza kama angeruhusiwa kuletewa mzigo kwa kipindi fulani hakuwa ameikataa ofa, alikuwa akitafuta maelezo. Kwa lugha yetu tofauti iko katika umbo la sentensi. “Nitalipa kwa awamu mbili” ni ofa mpya. “Je, unaruhusu awamu mbili? Nauliza tu, ofa yako bado naifikiria” ni swali. Lau ningeandika sentensi hii ya pili jioni ile, ofa ya miezi 6 ingebaki hai mpaka mwenye fremu aiondoe, na ningeweza kukimbilia fedha zilizobaki kwa ndugu.

Maneno ya kuogopwa baada ya “nimekubali” ni ila, lakini, endapo, mradi, isipokuwa na kwa sharti kwamba. Yakifuatwa na jambo ambalo ofa haikulisema, karibu kila mara jibu limeharibika. Yakifuatwa na jambo ambalo tayari limo ndani ya ofa, hayana madhara.

Kuna jibu jingine linaloleta utata: “Nimekubali, tutaandikishana kwa wakili.” Mahakama itauliza kama kuandikishana ni sharti ambalo bila hilo hakuna mapatano, au ni kuweka kwenye karatasi mapatano ambayo yamekwisha kufungwa. Usiiachie mahakama kazi ya kukisia nia yako. Kama hutaki kufungwa kabla ya karatasi, andika: “Hakuna kitakachomfunga yeyote kati yetu mpaka tusaini.” Kama unataka kufungwa sasa, andika: “Tumekubaliana kuanzia leo, maandishi yatathibitisha tu.”

Hatua ya 4: Jibu kwa njia iliyotakiwa na kwa mtu anayestahili

Kama ofa imesema “nijibu kwa barua” au “njoo ofisini kabla ya saa 10 jioni”, fuata hivyo. Sheria yetu ina upole fulani hapa: ukijibu kwa njia nyingine, mtoa ofa anaweza, ndani ya muda unaofaa, kudai ujibu kwa njia aliyoitaja, na asipodai anahesabiwa kuwa ameipokea njia yako. Nashauri usiutegemee upole huo. Pale ambapo ofa haikutaja njia, tumia njia ya kawaida na yenye busara, na kwa kawaida njia inayolingana na ile iliyoletea ofa ndiyo salama.

Jibu limfikie mtoa ofa mwenyewe au mtu aliyempa mamlaka ya kupokea. Tunapenda kumwambia dalali “mwambie nimekubali” na kuondoka na moyo mweupe. Dalali anaweza kuwa wakala wa mwenye nyumba, na anaweza kuwa mtu aliyesikia tu kwamba kuna nyumba. Muulize mwenye mali mbele ya dalali: “Mama, nikimjibu huyu nimekujibu wewe?”

Hatua ya 5: Fahamu ni wakati gani jibu linafunga

Kwa kifungu cha 4, mawasiliano ya kukubali yana nyakati mbili. Dhidi ya mtoa ofa, kukubali kumekamilika pale jibu linapowekwa njiani kuelekea kwake kiasi kwamba aliyelituma hana tena uwezo juu yake. Dhidi ya aliyekubali, kumekamilika pale linapojulikana kwa mtoa ofa.

Tuchukulie kwamba mtu wa Mtwara mjini amekuandikia barua wewe uliyeko Newala, akikupa ofa ya kukuuzia magunia 100 ya chumvi. Ukatia jibu la kukubali katika sanduku la posta Jumatatu, nalo likamfikia Alhamisi. Kuanzia Jumatatu yeye amefungwa, na hawezi kuiondoa ofa. Wewe hujafungwa mpaka Alhamisi atakapolijua jibu, na katika siku hizo unaweza kumpigia simu kwamba umebadili nia. Barua imo njiani, mmoja ameshikwa na mwingine yu huru. Uingereza ilianza kuifuata kanuni ya posta, kwamba jibu hufunga linapotiwa posta, katika shauri la Adams dhidi ya Lindsell la mwaka 1818, la mauzo ya sufu, lakini uhuru huu wa upande mmoja ni sura ya sheria ya India ambayo sisi tumeirithi. Ukiwa mtoa ofa na hutaki kukaa siku nne ukiwa umefungwa usijue, andika ndani ya ofa: “Jibu litahesabika pale tu nitakapolipokea.”

Maneno “hana tena uwezo juu yake” yapimwe vizuri. Ukimpa mwanao barua aipeleke, bado iko chini yako, kwa kuwa unaweza kumpigia simu arudi kabla hajaukaribia mji. Ukimpa kondakta wa basi, jiulize kama ungeweza kumwambia airudishe. Kama ungeweza, hujaiachia.

Simu ya mdomo ina kanuni nyingine. Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1955, katika shauri la Entores, na Mahakama Kuu Kabisa ya India mwaka 1965, katika shauri la Bhagwandas, ziliamua kwamba katika mawasiliano ya papo kwa papo kukubali hukamilika pale kunaposikika au kupokewa na mtoa ofa. Simu ikikatika ulipokuwa unasema “nimekubali”, na yeye hakusikia, piga tena. Kwa wanaopiga simu kutoka vijiji ambako mtu hupanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, hili ni jambo la kila wiki. Mwambie arudie alichosikia: “Kaka, nithibitishie, umesikia nimekubali magunia mangapi na kwa bei gani?”

Kuhusu ujumbe wa WhatsApp, meseji na barua pepe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba iliyofungwa kwa njia hizo, na ina masharti yake kuhusu wakati wa kutumwa na wa kupokewa kwa ujumbe. Kwa matumizi ya kila siku, tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe haujafika kwenye simu ya mwenzako, na si busara kupakia mzigo kwa tiki moja. Zikiwa mbili, omba jibu fupi la “nimepata”.

Hatua ya 6: Usitegemee ukimya, na uangalie vitendo vyako

Watu wa pwani tumekua tukisikia kwamba binti anapoulizwa kuhusu posa akanyamaza, kunyamaza kwake ni idhini. Kanuni hiyo ina mahali pake katika ndoa. Katika biashara haifanyi kazi, na kuihamishia huko kumeleta ugomvi mwingi. Katika shauri la Felthouse dhidi ya Bindley la mwaka 1862, mjomba alimwandikia mpwa wake kwamba asiposikia neno zaidi, atamhesabu farasi kuwa wake kwa pauni 30 na shilingi 15. Mpwa hakujibu. Ingawa moyoni alitaka kumuuzia, mahakama ilisema hapakuwa na mkataba, kwa maana mtu hawezi kumlazimisha mwenzake aandike barua ya kukataa. Kwa hiyo ujumbe wa “usipojibu hadi kesho nitajua umekubali” haukufungi, na ukiuandika wewe haumfungi uliyemwandikia.

Vitendo ni jambo jingine. Kifungu cha 8 kinasema kwamba kutimiza masharti ya ofa, au kupokea kitu kilichotolewa pamoja na ofa ili nawe uahidi, ni kukubali. Ukiletewa ofa ya kukodisha shamba lako pamoja na shilingi 300,000, ukazipokea na kuzitumia, umekubali bila kutamka neno. Fedha zinazoingia kwa simu zinahitaji tahadhari ya pekee. Mtu akikutumia malipo ya ofa ambayo hujaamua, zirudishe haraka na uandike sababu: “Sijakubali ofa yako, nakurudishia fedha zako.” Zikikaa kwako wiki mbili, utapata taabu kumweleza hakimu kwamba ulikuwa bado unafikiri.

Hatua ya 7: Ukitaka kujitoa, wahi

Unaweza kutengua kukubali kwako kabla hakujajulikana kwa mtoa ofa. Katika mfano wa barua ya Newala, simu ya Jumanne inatosha. Kwa simu ya mdomo nafasi hiyo haipo, kwani kusema na kusikika huenda pamoja. Kwa ujumbe wa simu nafasi ni nyembamba, na kuufuta ujumbe hakumsahaulishi aliyekwisha kuusoma. Baada ya hapo kujitoa ni kuvunja mkataba, na mwenzako anaweza kudai fidia.

Hatua ya 8: Andika, taja yote, tunza

Mapatano ya mdomo ni halali katika mambo mengi, lakini si katika yote. Kwa mfano, kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kinataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, au kuwe na kumbukumbu ya maandishi ya masharti yake. Neno la “nimekuuzia kiwanja” lililosemwa barazani, hata mbele ya mashahidi kumi, ni msingi dhaifu. Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake unaopitia halmashauri ya kijiji, nao usirukwe.

Jibu zuri la kukubali linataja ofa ya lini, linarudia masharti yake bila kuongeza wala kupunguza, na linasema wazi kwamba limekubali. Lile ambalo ningepaswa kuandika lingekuwa hivi:

“Ndugu, nimepokea ofa yako ya leo, tarehe 4, ya kunipangisha fremu kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, malipo ya miezi 6 kwa mkupuo, jumla shilingi 900,000, na funguo kutolewa siku ya malipo. Nimeikubali kama ilivyo. Nitaleta fedha kesho saa 4 asubuhi. Tafadhali nithibitishie kwamba umepata ujumbe huu.”

Sentensi ya kesho saa 4 haibadilishi ofa, kwa sababu mwenye fremu hakuweka siku ya malipo. Angekuwa amesema “leo”, sentensi hiyo ingegeuka kuwa “ila” nyingine.

Piga picha ya mazungumzo yote kwenye simu, yakionyesha namba na tarehe, na uyahifadhi pia nje ya simu, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini. Kesi ya madai ya mkataba kwa kawaida inapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 6 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na katika miaka hiyo mtu hubadilisha simu zaidi ya mara moja. Mwenzako akikana, mwandikie kwanza, umtajie siku ya ofa, siku ya jibu na unachodai, umpe muda wa kujibu, kisha mpelekee wakili au msaidizi wa kisheria wa wilaya yako maandishi hayo yote kwa mpangilio wa tarehe, bila kuyaondoa yale yanayokuumiza wewe, kwa sababu upande wa pili nao wanazo nakala.